Leseni kwa washauri wa unyonyeshaji: tudai udhibiti, lakini tusimfungie mama wa mtaa

SistaWaEastlands

Wapendwa, naleta jambo lililonikaa moyoni kwa muda. Naomba tulijadili kwa upole, maana humu ndani kuna akina mama waliojifungua juzi tu.

Kwenye makundi ya WhatsApp ya akina mama hapa Nairobi naona wito kwamba serikali ianze kutoa leseni kwa washauri wa unyonyeshaji, na asiye na cheti cha kimataifa apigwe marufuku kulipwa kwa kazi hiyo. Mimi ni muuguzi mkunga, nimehudumu wodi za uzazi za upande huu wa Eastlands. Nusu ya wito huo naiunga mkono kwa mikono miwili. Nusu ya pili naipinga, na nitaeleza sababu.

Hali ilivyo ni hivi. Daktari husajiliwa na KMPDC, baraza la madaktari. Mimi nina namba yangu kwa Baraza la Wauguzi. Maafisa wa kliniki wana baraza lao chini ya sheria ya 2017, na wataalamu wa lishe wana taasisi yao, KNDI, tangu sheria ya 2007. Ukitilia shaka kama mtu ni nesi kweli, unamwomba namba ya usajili na mambo yanajulikana. Lakini kazi ya kumsaidia mama kunyonyesha, ikisimama peke yake, haina baraza wala rejista, na mama akiumizwa hana dirisha la kupeleka malalamiko. Mtu anaweza kufungua ukurasa leo jioni, akajiandika "mtaalamu wa unyonyeshaji", na kesho akaanza kupokea M-Pesa kutoka Kilimani hadi Utawala.

Wengi wanaofanya kazi hii ni watu wema. Wamo wakunga wenzangu, wamo waliofanya mtihani mgumu wa kimataifa, wamo akina mama walionyonyesha wakapata ujuzi na moyo wa kusaidia wenzao. Wamo pia wauzaji wa chai za kudaiwa kuongeza maziwa. Mama ambaye chuchu zimepasuka na mtoto amelia usiku kucha hana namna ya kuwatofautisha.

Madhara tunayapokea wodini. Mama anafika na titi jekundu, gumu, homa juu, kwa sababu aliambiwa alikande kwa nguvu na kitambaa cha moto, au alichane kwa kitana mpaka uvimbe uyeyuke. Mwongozo wa 2022 wa Academy of Breastfeeding Medicine, chama cha kimataifa cha madaktari wa unyonyeshaji, unasema kinyume kabisa: usikande kwa nguvu, weka kitu baridi, tumia dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, mtoto aendelee kunyonya kama kawaida, na usikamue kupita mahitaji yake. Ukisugua titi lililovimba unaumiza nyama za ndani, uvimbe unazidi, na wengine huishia na jipu la kutolewa usaha hospitalini.

Kuna jambo lingine linalonitisha zaidi kwa sababu halina kelele. Mtoto hanyonyi vizuri, uzito unashuka, na mshauri anamwambia mama aendelee na chai ya mimea, maziwa yatakuja. Mtoto mchanga hupungua kidogo siku za kwanza, hilo ni la kawaida. Lakini akipungua zaidi ya asilimia 10, au akimaliza wiki 2 bila kurudi uzito aliozaliwa nao, huyo anahitaji mzani na mtu anayejua kusoma kijitabu cha mama na mtoto. Halafu kuna mama anayeishi na virusi vya Ukimwi, aliye kwenye dawa vizuri, anaambiwa na mtu wa mtandaoni aache titi mara moja au achanganye titi na maziwa ya kopo. Mwongozo unaofuatwa hapa nchini ni kwamba anyonyeshe maziwa yake pekee kwa miezi 6, aendelee kunyonyesha huku mtoto akianza vyakula vingine, mama akinywa dawa zake na mtoto akipewa za kumkinga. Kuchanganya katika miezi hiyo ya kwanza ndiko kunakoongeza hatari.

Kwa hiyo anayesema hakuna haja ya udhibiti wowote, mimi na yeye tumeachana hapo.

Sasa nusu ninayoipinga. Wenzetu wa Marekani wameshalipitia hili na tunaweza kusoma kwao. Rhode Island lilikuwa jimbo la kwanza kutoa leseni za aina hii, kwa sheria ya 2014. Jimbo la Georgia likafuata na sheria yake ya 2016, na ilikuwa kali: ukitaka kulipwa kwa kumsaidia mama kunyonyesha, lazima uwe na leseni, na leseni inatolewa kwa mwenye IBCLC, kile cheti cha kimataifa, peke yake. Waliachwa huru madaktari na manesi walio na leseni zao, na wanaojitolea bila malipo. Wengine wote, hata waliosomea na kupata vyeti vingine, walitakiwa kuacha kazi.

Mmoja wao ni Mary Jackson wa Atlanta. Alikuwa amefanya kazi ya unyonyeshaji kwa miongo kadhaa, amewafundisha madaktari na manesi, na ni miongoni mwa waanzilishi wa shirika la ROSE linalosaidia hasa akina mama Waafrika wa Marekani. Cheti chake kilikuwa CLC, cheti kingine cha unyonyeshaji, si IBCLC. Sheria ingemwondoa kazini. Mwaka 2018 yeye na ROSE walikwenda mahakamani, na kesi ikapanda na kushuka mpaka Mei 2023, ambapo Mahakama ya Juu ya Georgia ilifuta sheria hiyo kwa kauli moja. Majaji walisema katiba ya jimbo inamlinda mtu kufanya kazi halali bila kuingiliwa na serikali pasipo sababu ya maana, na kwamba hakukuwa na ushahidi wa madhara yaliyotokana na watu waliokuwa wakifungiwa. Hata baraza la jimbo hilo linalopima kama kazi fulani inahitaji leseni lilikuwa limeshauri, kabla ya sheria kupita, kwamba haihitajiki.

Hilo ndilo linalonifanya nisimame. Tukiandika sheria ya Georgia hapa Nairobi, tutakuwa tumelinda mama wa Lavington, ambaye tayari ana uwezo wa kumlipa mwenye cheti, na tutamwacha mama wa Mukuru bila mtu. Wenye cheti hicho nchini ni wachache mno. Nani atapanda ngazi za ploti za Pipeline saa mbili usiku?

Ninachotaka mimi ni jina lilindwe na mambo ya hatari yalindwe. Anayejiita mtaalamu wa unyonyeshaji awe kwenye rejista inayoonekana na kila mtu. Kupasua jipu, kukata utando wa chini ya ulimi wa mtoto, kuandika dawa, kuamua mtoto njiti apewe nini, hizo zibaki kwa waliosajiliwa kuzifanya. Yeyote anayelipwa kushauri asichukue hata senti ya kampuni ya maziwa ya kopo. Lakini kukaa na mama, kumshikia mtoto mpaka ashike titi vizuri, kumwambia dang'a, yale maziwa ya kwanza, ni chakula kamili na asiimwage, hilo lisihitaji leseni ya mtu yeyote.

Karibuni.

MamaPachaUmoja

Sista asante kwa kulileta. Mimi ni mmoja wa waliolia usiku kucha.

Nilijifungua pacha kwa upasuaji. Nilimpata mshauri mtandaoni, ukurasa mzuri, wafuasi wengi. Nilituma 6,000 kabla hajaja. Alikuja, akaniuzia unga wa kuongeza maziwa, akaniambia maziwa yangu ni mepesi. Hakumwangalia mtoto hata mmoja akiwa kwenye titi. Nilipompigia tena hakushika simu.

Aliyeniokoa ni mhudumu wa afya ya jamii wa eneo letu. Alikuja na Croc zake na mkoba wa kaunti, akaniomba ninyonyeshe mbele yake. Akaona mara moja kwamba mdogo wao anashika chuchu tu, hashiki ile sehemu nyeusi inayozunguka. Akanionyesha kumleta mtoto kwenye titi badala ya mimi kuinamia mtoto, kidevu kiguse titi kwanza, mdomo ufunguke kama anapiga mwayo. Kisha akasema huyu mdogo tumpeleke kliniki apimwe uzito leo, si kesho. Alinipeleka mwenyewe.

Sasa hapo mwenye cheti ni nani na asiye na cheti ni nani? Yule wa 6,000 alikuwa na vyeti vitatu ukutani mwake mtandaoni. Sijui vilitoka wapi.

BabaNeema

Nauliza swali la mtu asiyejua. Mtu akituambia ana cheti cha kimataifa, tunakihakikisha vipi?

MshauriMwenyeCheti

BabaNeema, wenye IBCLC wako kwenye orodha ya bodi inayotoa cheti hicho, IBLCE. Unaweza kutafuta jina kwenye tovuti yao. Bodi hiyo ipo tangu 1985.

Sista, nakuheshimu sana na nimesoma uzi wako mara mbili. Mimi ni mmoja wa wachache unaowataja, na naona umetutendea haki nusu. Niruhusu nieleze upande wangu.

Cheti hiki hakipatikani kwa semina ya wikendi. Kuna masomo 14 ya sayansi ya afya, kuna saa 95 za mafunzo ya unyonyeshaji penyewe, kuna saa za kuhudumia akina mama zisizopungua 300, na kwa njia nyingine za kusomea zinafika 1,000. Halafu mtihani. Kila baada ya miaka 5 unahuisha. Ninamwona mtoto njiti aliyetoka kwenye mashine, mama aliyepunguzwa matiti, mtoto mwenye mdomo sungura, mama ambaye tezi zake hazikukua vya kutosha kutoa maziwa na amelaumiwa na kila mtu kwamba hana bidii. Kazi hiyo inahitaji elimu, na mwenye elimu hiyo anastahili kutambuliwa.

Unasema tusomee kwa Georgia. Sawa. Lakini jiulize kwa nini majimbo yalianza kuandika sheria hizo. Ni malipo. Bima haimlipi mtu ambaye serikali haimjui. Hapa kwetu ni vilevile: SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, inaingia mkataba na vituo na watoa huduma wanaotambulika kisheria. Mimi siwezi kumhudumia mama wa Kariobangi kwa bima yake, kwa sababu kwenye karatasi za serikali taaluma yangu haipo. Nabaki kuhudumia wenye pesa mfukoni. Wewe unaogopa leseni itamwacha mama wa Mukuru nje. Mimi nasema kukosekana kwa leseni ndiko kumemwacha nje mpaka leo.

Na la mwisho. Nikikosea, bodi yangu ina kanuni za maadili na utaratibu wa nidhamu. Lakini iko ng'ambo. Mama wa Kasarani ataandika malalamiko Marekani kwa lugha ya wanasheria? Nataka kushtakiwa hapa nyumbani, mbele ya watu wanaojua mazingira ya hapa. Nasema hivyo kwa dhati.

SistaWaEastlands

Daktari, sijui kama wewe ni daktari lakini nakuita hivyo kwa heshima, hoja ya bima umenishika nayo vizuri na sina la kuipinga. Rejista ya hapa nyumbani tunakubaliana, na hiyo ya kushtakiwa hapa ni bora kuliko nilivyoieleza mimi.

Tunapogawanyika ni kwenye neno "peke yake". New Mexico walipitisha sheria yao mwaka 2017, wakaiweka chini ya bodi ya wauguzi badala ya kuunda kitu kipya, wakaacha mlango wa vyeti zaidi ya kimoja, na kinacholindwa ni jina la mwenye leseni. Huko wewe unatambulika, bima inakujua, na mama jirani hajavunja sheria akipewa nauli na chai. Kwa nini tusifuate hiyo?

MhudumuMathare

Mimi ndiye huyo mnayemzungumzia, mhudumu wa afya ya jamii. Niliingia kabla hata ya 2023 pale Rais alipotuzindua rasmi tukapewa mikoba. Posho yetu ni 5,000 kwa mwezi, serikali kuu nusu na kaunti nusu, na inavyochelewa tunajua wenyewe.

Naomba wakili yeyote aliye humu anijibu: hiyo 5,000 ni malipo au si malipo? Kwa sababu Sista amesema Georgia waliwaacha wanaojitolea. Mimi si wa kujitolea tena, na si mwajiriwa. Sheria ikija na maneno "asiye na leseni asilipwe", mimi nasimama wapi?

Mnisikilize pia kuhusu kazi yenyewe, maana wengi mnaijadili kutoka mbali. Akina mama wangu wanarudi kazini mtoto akiwa na wiki tatu, wengine mbili. Likizo ya miezi mitatu yenye mshahara ni ya aliyeajiriwa. Mama anayefua nguo Eastleigh kwa siku hana likizo. Mama wa kuuza mboga hana likizo. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mwajiri atenge chumba cha kunyonyesha na kumpa mama muda wa kunyonyesha usiokatwa kwenye mapumziko yake ya chakula, hadi saa moja kwa kila saa 8 za kazi. Nzuri sana. Mama wa kibarua akaidai kwa nani hiyo haki?

Kwa hiyo kazi yangu si kumwambia tu "nyonyesha miezi 6 bila kitu kingine". Anajua. Anajua kuliko wewe. Kazi yangu ni kukaa naye tupange: atakamua saa ngapi, kwenye kikombe gani, kikombe kimechemshwa na nini maana mafuta ya taa yameisha, nani atabaki na mtoto, huyo atakayebaki anajua kulisha kwa kikombe au ataleta chupa. Nazungumza na bibi yake anayetaka kumpa mtoto maji ya sukari. Nazungumza na mume. Nazungumza na mwenye kulea watoto kule chini ambaye ana watoto kumi kwenye chumba kimoja. Huwezi kufanya hilo kwa ziara moja ya kulipiwa. Ni kurudi na kurudi.

Mkiniuliza kama nataka mafunzo zaidi, nataka sana. Nataka mtu kama MshauriMwenyeCheti awe anapokea simu yangu nikikwama. Lakini msinifanye mhalifu.

MamaPachaUmoja

@MhudumuMathare ubarikiwe mama. Hivyo ndivyo wa kwetu alivyofanya.

WakiliNgara

Mama Mathare, nitajibu swali lako kwa uangalifu. Wahudumu wa afya ya jamii wanatambuliwa na Sheria ya Afya ya Msingi ya 2023. Kazi yenu ina mizizi kisheria, na sheria mpya ya unyonyeshaji ingelazimika kuwataja kwa jina kwamba haiwahusu wanapofanya kazi hiyo. Isipowataja, mwanya unabaki, na mwanya ndio unaotumiwa kumnyanyasa mtu mdogo. Kwa hiyo pigania kutajwa. Usikubali kuambiwa "itaeleweka tu".

Niongeze mambo ambayo sijaona yakiguswa.

Kwanza, tusizungumze kama hatuna sheria kabisa. Tuna Sheria ya kudhibiti vyakula mbadala vya maziwa ya mama ya 2012, na kanuni zake za 2021. Sheria hiyo inakataza kutangaza maziwa ya kopo kwa umma na inazuia watengenezaji kuwapa wahudumu wa afya zawadi na vishawishi. Imetoka kwenye Kanuni ya kimataifa ya 1981 kuhusu uuzaji wa vyakula hivyo, na Kanuni hiyo inamhesabu kuwa mhudumu wa afya hata asiye na taaluma na hata anayejitolea bila malipo. Kwa hiyo "mshauri" wa mtandaoni anayepokea makopo ya bure ili ayaonyeshe kwenye video asidhani yuko nje ya mjadala kwa kuwa si nesi. Rejista ikianzishwa, sharti la kwanza la kuingia liwe hilo.

Pili, kuna Sheria ya Kulinda Walaji, yaani wateja, ya 2012. MamaPacha, mtu akikuuzia huduma kwa kudai ana sifa asizo nazo, hilo ni jambo la kisheria tayari, leseni iwepo isiwepo. Weka ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo ya WhatsApp.

Tatu, na hili linanikera: picha. Naona kurasa zinaweka picha za matiti ya akina mama na nyuso za watoto wachanga kama matangazo, "kabla na baada". Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahitaji idhini, na taarifa za afya ni nyeti zaidi. Mama aliyechoka, aliyelia, akaambiwa "nikuweke kwenye ukurasa wangu?" akatikisa kichwa, hiyo kwangu si idhini ya kutosha. Na kwa mama aliyemweleza mshauri hali yake ya virusi, siri hiyo inalindwa na sheria ya Ukimwi ya 2006. Muuguzi akitoboa siri, kuna baraza la kumwajibisha. Mshauri asiye na baraza, mama anabaki na polisi na mahakama tu.

SeraNaKodi

Naomba nisimame peke yangu kwenye hili. Kila tukiona tatizo tunaunda baraza. Wanafiziotherapia walipata lao kwa sheria ya 2014, washauri nasaha na wanasaikolojia nao sheria yao mwaka huohuo. Kila baraza lina ofisi, bodi, posho za vikao na ada ya mwaka ambayo mwisho wake inalipwa na mgonjwa. Mshauri wa unyonyeshaji anayelipia leseni atapandisha bei yake. Na tapeli hataomba leseni kamwe, ataendelea. Mnaowabana ni waaminifu.

SistaWaEastlands

SeraNaKodi, sitaki baraza jipya pia. Nilitaja New Mexico kwa sababu hiyo. Baraza la Wauguzi lipo, KNDI ipo, na Sheria ya Afya ya 2017 iliunda mamlaka ya kusimamia taaluma zote za afya. Rejista ya wenye jina inaweza kukaa kwenye moja ya hizo, kama sehemu, bila jengo jipya wala bendera mpya.

Kuhusu tapeli kutoomba leseni: ni kweli. Ila leo nikimwambia mama "huyo si mtaalamu" ananiuliza nimejuaje, na sina cha kumwonyesha. Kukiwa na rejista namwambia tafuta jina lake hapa. Tapeli anapoteza kitu ambacho ndicho kinachomlisha, yaani kufanana na wa kweli.

Na niseme kuhusu waaminifu wasio na vyeti, maana tunawasahau kwenye hesabu. APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu, walichapisha mwaka 2011 utafiti wa Korogocho na Viwandani, mitaa ya mabanda ya hapa Nairobi: watoto walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 walikuwa takriban asilimia 2. Mbili! Baadaye wakajaribu kuwatuma wahudumu wa jamii nyumba kwa nyumba kuwashauri akina mama. Zaidi ya nusu ya watoto wakafikisha miezi hiyo 6. Ukweli lazima usemwe wote: hata kundi lililokuwa la kulinganisha nalo lilipanda karibu sawa, kwa hiyo huwezi kuwapa wale wahudumu sifa yote, na watafiti wenyewe waliona huenda ujumbe ulivuka kutoka kundi moja hadi jingine. Wanaoishi mitaa hiyo hawatashangaa. Habari za kunyonyesha zinapita bombani, kwenye foleni ya choo, kwenye chama. Ukiangalia nchi nzima, watoto walio chini ya miezi 6 wanaonyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 32 kwenye utafiti wa kitaifa wa afya wa 2008-09, wakafika 61 mwaka 2014. Mwaka 2022 ni 60. Tumekwama hapo kwa miaka minane, na hatuwezi kukwamuka kwa kupunguza watu wanaosaidia.

MshauriMwenyeCheti

Nakubali takwimu, na nakubali kusimama chini ya baraza lililopo. Sikubali bado jambo moja: "kukaa na mama kusihitaji leseni ya mtu yeyote". MamaPacha aliokolewa kwa sababu mhudumu wake alijua mpaka wake. Aliona mtoto mdogo hapati maziwa, akasema twende kliniki leo. Si kila mtu anajua. Nimewahi kupokea mtoto wa manjano, amelegea, baada ya siku kadhaa za kutiwa moyo na watu wema waliokuwa wakimwambia mama "usikate tamaa". Hawakuuza chai, hawakuchukua hata shilingi. Mtoto alilazwa.

MhudumuMathare

Hilo ni kweli na nimeliona pia.

Sisi tumefundishwa alama za hatari, na hizo ndizo ningetaka kila mtu anayemshauri mama azijue kwa moyo, awe na leseni au asiwe nayo. Kuanzia siku ya tano mtoto alowanishe nepi sita au zaidi kwa siku. Asiyeamka kunyonya, mwenye manjano iliyoshuka mpaka miguuni, mwenye homa au mwili wa baridi, anayevuta pumzi mbavu zikiingia ndani, huyo hajadiliwi nyumbani. Unafunga mlango mnakwenda.

BabaNeema

Nimeziandika hizo kwenye karatasi nikabandika jikoni. Mke wangu anatarajia mwezi ujao.

SistaWaEastlands

BabaNeema, ongeza na hii: mtoto awekwe kifuani na aanze kunyonya ndani ya saa ya kwanza, hata kama ni upasuaji, mama akiwa macho na wote wako salama. Uliza hospitali mapema kama wanafanya hivyo. Na mtu yeyote akikuletea kopo wodini kabla hata mtoto hajajaribiwa kwenye titi, uliza sababu ya kitabibu.

MshauriMwenyeCheti, umenibadilisha hapo. Rasimu niliyoanza kuandika ya maoni ya kupeleka kwa kamati ya afya ya Bunge ilikuwa na mistari mitatu: jina, vitendo vya hatari, pesa za kampuni. Naongeza wa nne: kila anayelipwa, hata kwa posho, apitie mafunzo mafupi ya bure ya alama za hatari na mahali pa kumpeleka mtoto, yatolewe kwenye zahanati za kaunti, na kila eneo liwe na mtaalamu mmoja aliye kwenye rejista ambaye namba yake wahudumu wanayo na yeye analipwa kupokea simu hizo. Wakili, ukipata nafasi nisaidie kuweka jina la wahudumu wa jamii kwenye kifungu cha wasiohusika, kwa maneno ambayo hayataacha mwanya.

WakiliNgara

Nitakuandikia. Niletee pia orodha kamili ya vitendo vya hatari kutoka kwenu wawili, wewe na MshauriMwenyeCheti, mkiwa mmekubaliana. Kuhusu utando wa ulimi nataka mseme wazi nani anakata, akiwa wapi, na baada ya uchunguzi gani, kwa sababu nimeanza kuona huduma hiyo ikitangazwa pamoja na bei.

MshauriMwenyeCheti

Kwenye utando sina ubishi na Sista hata chembe. Mimi na wenzangu wenye cheti hatukati. Tunaangalia mtoto akinyonya, tunaangalia uzito, tunamsaidia mama na mkao kwanza, na mara nyingi tatizo linaishia hapo. Likibaki, ni la daktari aliyesomea, kituo kilichosajiliwa. Liandikwe hivyo. Sista, nitakupigia kesho jioni ukitoka zamu tumalizie orodha.